Maswali Kabla ya Ugali

Msimu wa pamba ukifika, Bariadi inakuwa kama mji uliolala ukasahau kuamka. Malori yanapita yamefura kwa mzigo, na kila mti wa miiba kando ya barabara unabaki na vipande vyeupe vimenasa, utadhani mawingu yalishuka kupumzika pale yakachelewa kuondoka. Hewani kuna vumbi na nyuzi. Ukikaa nje asubuhi na kikombe cha chai, jua linakufikia likiwa limechujwa, lina rangi ya maziwa yaliyoungulia kidogo kwenye sufuria. Nimezaliwa ndani ya mwanga huo na mpaka leo unanichanganya. Nikiutazama muda mrefu sijui tena kama ni mwaka huu, au ni zamani zile nikiwa nachunga ng'ombe wa watu.

Maana nimechunga ng'ombe wa watu. Nalisema wazi, tena kwa sauti. Shule niliishia darasa la nne, na hilo la nne lenyewe nililimaliza nikisinzia. Lakini leo ukishuka stendi ukauliza mashine ya kusaga na kukoboa iliyo kubwa kuliko zote upande wa sokoni, utaletwa kwangu na mtu ambaye hata sura yangu haijui. Ukiuliza gesti yenye maji ya kuoga muda wote, utaletwa kwangu pia. Nilianza na baiskeli, napeleka unga Binza na kurudi na chochote kinachouzika. Nikabeba magunia stesheni ya Malampaka mpaka mabega yakaota sugu; ukinigusa hapa begani leo bado utaisikia. Sikurithi hata kuku. Kila bati unaloliona juu yangu nimelipandisha mwenyewe. Aliyenisaidia ni mmoja tu, dada yangu mkubwa, na huyo ndiye nataka kumwelezea.

Msimu mmoja wa hivi karibuni walifika gesti kwangu vijana watatu, wavulana wawili na binti mmoja. Binti ndiye aliyekuwa kiongozi wao. Alivaa miwani, na aliongea kwa sauti ya chini kama mtu anayeogopa kumwamsha mtoto aliyelala chumba cha pili. Walikuwa na vishikwambi, wakavipanga mezani wakati wa chai, vioo vyake vikawa vinamulika mwanga ule wa maziwa. Nikakaa nao. Mgeni wa kwangu simwachi anywe chai peke yake.

"Mmekuja kwa kazi gani, wanangu?"

"Tunapima ustawi wa jamii, mzee," akasema binti.

"Mnaupima kwa mizani gani?"

Wavulana wakacheka. Yeye hakucheka. Akanieleza taratibu kwamba wana maswali, na kila jibu ni kama jiwe la mizani. Mtu akiumwa, anafika kwa daktari au hafiki? Usiku unapoingia, analala au anakesha na hofu? Akidhulumiwa, yuko wa kumsikiliza? Afya, usalama na haki. Kata ikishajibu, majibu yanajumlishwa, na serikali na wafadhili wanaona pa kuanzia.

Niseme ukweli, lile jambo lilinipendeza. Mimi maisha yangu yote ni kupima. Debe la mahindi nikiliinua mkono mmoja nakwambia lina unyevu au limekauka. Lakini kupima amani ya mtu, kuiweka kwenye mizani kama choroko! Niliwaza hivyo mpaka chai ikapoa. Kisha nikawaambia: "Mnahitaji mtu anayejulikana. Mkienda vijijini peke yenu watawaona kama wakopeshaji. Nitawapeleka mwenyewe. Tutaanza kijijini kwetu, mkaone watu wanavyoishi vizuri."

Na niliamini wanaishi vizuri. Kwa nini nisiamini? Nyumba ya dada yangu niliiezeka mimi, bati za bluu, unaziona tangu barabara kuu.

Kijijini kwetu ni mbuga tupu, ile ardhi nyeusi ambayo kiangazi inapasuka mpaka unaweza kuingiza mkono. Pamba ilikuwa bado shambani, imefunguka, na kinamama walikuwa wanaichuma wakiwa wameinama, polepole, kama watu wanaotafuta kitu walichokidondosha majini. Sauti zilikuwa zinatufikia kwa kuchelewa. Unamwona mtu anafungua mdomo kule, maneno yanafika baadaye. Gari tuliliacha chini ya kivuli cha ghala, tukatembea.

Dada alikuwa ukumbini anaanika michembe, vile viazi vitamu vilivyokatwa vikakaushwa. Yeye ndiye aliyenibeba mgongoni mama alipofariki, wakati yeye mwenyewe bado ni msichana wa kuning'inia kwenye kamba ya kisima akichota maji. Mumewe naye ametangulia. Watoto wameolewa mbali. Amebaki na shamba lake, kuku, na zile bati.

"Karibuni, karibuni! Bhabha, umeniletea wageni na hukusema?" Ananiita bhabha, yaani baba, kama wanavyoitwa watoto wa kiume kwetu. "Kaeni. Ngoja niweke maji jikoni."

"Asante mama, usisumbuke," akasema binti. "Tumeshakula."

"Mmekula wapi, kwenye gari?"

"Sisi kwenye kazi hii haturuhusiwi kula kwa watu, mama. Ndiyo kanuni."

Dada akanitazama mimi. Nikajifanya naangalia kuku. Akavuta vigoda, akakaa mbele yao, mikono juu ya mapaja, kama anayepigwa picha.

"Mama, afya yako ikoje?"

"Mhola."

"Anasema ni salama," nikamtafsiria binti.

"Ukiumwa, unafika zahanati bila shida?"

"Nafika tu."

"Unajisikia salama hapa nyumbani? Mchana na usiku?"

"Salama kabisa, mayu." Mayu ni mama, ndivyo tunavyowaita mabinti kwetu.

"Kuna mgogoro wowote? Wa ardhi, wa mirathi?"

"Hakuna, mwanangu. Amani tu."

Kidole cha binti kilikuwa kinagusa kioo, tik, tik, na kila kilipogusa mimi nilikuwa naongezeka kimo. Nikawaambia wale wavulana, "Mnaona? Huyu ndiye dada yangu."

Nyumba za mbele mambo yakawa yale yale. Kila mlango ni karibuni, kila mlango ni hapana asante, na kila jibu ni amani. Mzee mmoja alitupokea mkono umefungwa kwa kitambaa mpaka shingoni, akajibu kwamba haumwi popote. Mama mmoja ambaye kijiji kizima kinajua mbuzi wake waliibwa, alisema wizi kwao hakuna. Binti akaanza kupunguza mwendo. Tulipotoka kwa yule mzee akanivuta pembeni.

"Mzee, yule mkono wake?"

"Alianguka kwenye mkokoteni."

"Mbona kasema haumwi?"

"Sasa ulitaka akulilie wewe, mgeni, hujala hata tonge?" nikamjibu. "Kwetu mgeni hapewi shida za nyumba akiwa na tumbo tupu. Utafika, utanawa, utakula, ndipo utaambiwa nani kafa na nani kaibiwa. Kabla ya hapo ni mhola. Ni heshima."

Akasimama katikati ya njia. Vumbi likamzunguka likatulia kwenye miwani yake. Hakuifuta. "Kwa hiyo hawa wote," akasema, kisha hakumaliza.

Nilidhani amechoka na jua. Na la dada yangu sikulifikiria kabisa, kwa sababu akilini mwangu bati za bluu zilikuwa zimeshajibu kila swali.

Mchana wale vijana walikwenda upande wa pili wa kijiji na mwenyekiti wa kitongoji, mimi nikabaki kuwasubiri kwa dada. Kwa kawaida naenda kwake na sukari, sabuni na soda, nasalimia, naondoka. Mwenye biashara hana mchana. Siku ile sikuwa na gari la kuondokea, vijana walikwenda nalo. Akasonga ugali wa mtama, akaleta nsansa, yale majani makavu ya kunde, yamepikwa kwa karanga. Tukala bila maneno. Nje pamba ilikuwa nyeupe mpaka inaumiza macho, na kulikuwa na joto lile linalofanya mbali paonekane kama pana maji. Nilikuwa kama nimerudi mgongoni kwake. Nadhani nilisinzia na tonge mkononi.

"Umeshiba?" akauliza.

"Nimeshiba, dada."

"Basi sikia."

Akaniambia. Hakuinua sauti, alikuwa anaongea huku anakusanya mabaki ya ugali pembeni mwa sahani. Shemeji yake, mdogo wa marehemu mumewe, ambaye boma lake ni hilo hapo jirani, wakati wa kulima alipitisha plau ya ng'ombe juu ya ua wa minyaa uliokuwa mpaka, akaendelea kulima mpaka karibu na choo. Kisha akaziba njia kwa miiba, ile njia ya kwenda kisimani na zahanati, kwa sababu sasa inapita katikati ya anachokiita shamba lake. Kuzunguka kwa kupitia korongoni dada hawezi, magoti yanakataa. Vidonge vya presha viliisha, hakwenda kuchukua vingine. Maji anasaidiwa na majirani. Usiku analala na panga chini ya mto, maana shemeji alipita akiwa amelewa akasema nyumba ni ya ukoo, pamba ikishavunwa aondoke.

"Pamba ikishavunwa?" nikasema. Nikageuka nikatazama nje. Kinamama walikuwa wameshafika katikati ya shamba.

"Ndivyo alivyosema."

"Umeshtaki kwa nani?"

"Mwenyekiti nilikutana naye njiani. Akaniuliza habari za nyumbani, nikasema salama."

"Kwa nini useme salama, dada?"

"Hakuja kula," akasema, na akaanza kucheka, na mimi ambaye nilikuwa nimeshika kichwa nikajikuta nacheka pia. Tulicheka mpaka kuku wakaondoka ukumbini.

Kisha nikasimama. Mimi nikikasirika nasimama, ni tabia ya watu tuliojitafutia. Nikamwambia mjini kuna mwanasheria ananiheshimu, kesho namleta na koti lake. Nikamwambia hata huyo shemeji namwezea mwenyewe, begani nina sugu za Malampaka.

"Na ukishamwezea utalala hapa?" akauliza. "Wewe utaondoka na gari lako. Mimi nitabaki naye hapo, ananisikia nikikohoa."

"Basi njoo mjini. Nitakupa chumba kikubwa, kina feni."

"Feni nitailima?"

Nina maneno ya kila mtu, hata wakubwa wa halmashauri nawajibu, lakini hilo lilinikalisha chini.

"Nataka wale watoto warudi," akasema. "Waniulize tena yale yale waliyoniuliza. Lakini wawe wamekula. Nataka nilisemee hapa uani kwangu, majirani wakiwepo, na yeye asikie kule ng'ambo ya miiba. Nikilisema hivyo limesemwa. Siwezi kulirudisha, na hakuna atakayesema hakujua."

Jioni ile garini nilikaa mbele, binti nyuma. Pamba ilikuwa inapita dirishani, inapita, inapita. Nikamweleza yote. Alisikiliza bila kunikatiza, jambo ambalo watu wachache wanaliweza mbele yangu.

"Tukila kwao, mzee, wanaweza kutupa majibu ya kutufurahisha," akasema mwishoni. "Ndiyo maana kanuni ipo."

"Na msipokula wanawapa majibu ya kuwafurahisha. Umeyaona leo. Chagua mwenyewe."

Mmoja wa wavulana akasema, "Huyu mzee angekuwa profesa." Nikamwambia ningekuwa, ila chuo kingenifaidi mimi au mimi ningekifaidi chuo?

Tulipofika gesti binti akampigia simu mkubwa wake, akawa anazunguka tangi la maji huku anaongea, anazunguka kama ng'ombe wa kupura mpunga. Aliporudi uso ulikuwa umefunguka.

"Tumekubaliwa kwenda na chakula chetu. Tutapika kwake, tutakula naye na majirani. Hatupokei kitu, tunachangia. Na nyumba zote za leo zitarudiwa hivyo hivyo."

"Unga natoa mimi," nikasema.

"Hapana mzee, tutanunua."

"Basi mnunue kwangu. Kama mnapima ustawi, mpime na unga mzuri."

Asubuhi iliyofuata tulirudi. Nikikumbuka siku ile naiona kutoka juu, kama niko kwenye bati: ua wa dada umejaa, moshi unapanda umenyooka bila upepo, na wale wavulana wawili wa mjini wameinamia sufuria kubwa wanasonga ugali. Ulitoka mabuje. Kinamama walikuja kuangalia kama wanaangalia ngoma.

"Huo ugali au mawe ya kujengea?"

"Mwacheni, anapima nguvu ya mwiko!"

"Kijana, mama yako yuko hai? Anajua unafanya hivi?"

Dada akamnyang'anya mwiko. Akausonga mwenyewe mpaka ukakaa sawa. Hapo ndipo ulipozuka ubishi ambao sikuutegemea: je, hawa wageni watakuwa wamekula kwake, au wamekula kwao? Unga si wake. Dagaa si wake. Watu wakagawanyika. Mwishowe wakamgeukia bibi mmoja, jirani wa nyumba ya pili, ambaye alikuwa amekaa kwenye gunia na hajasema neno.

"Moto wa nani?" bibi akauliza.

"Wangu," akasema dada.

"Maji?"

"Yangu. Mmenisaidia kuyachota, lakini yalikuwa mtungini mwangu."

"Basi wamekula kwako."

Ikaisha. Tukanawa. Mwenyekiti wa kitongoji naye alikuwepo, amekaa vizuri karibu na dagaa. Tukala wote, na binti mwenye miwani alikula kama mtu aliyekuwa na njaa ya siku nyingi. Nilimwona kwa pembeni: alipomaliza alilamba kidole gumba, kisha akaona aibu, akachukua kishikwambi chake.

"Mama, majibu yako ni siri. Tuingie ndani?"

"Siri nimekaa nayo tangu kulima," akasema dada. "Niulize hapa."

"Na nikuambie ukweli, mama. Sisi hatuamui kesi. Tunapima tu."

"Pima."

Akauliza. Maswali yale yale, kwa mpangilio ule ule, kwa sauti ile ile ya kutomwamsha mtoto. Afya yako ikoje? Dada akasema kichwa kinamgonga kila asubuhi kama mtu anatwanga ndani yake. Unafika zahanati? Akanyoosha mkono kwenye miiba, akasema njia ni ile, mnaiona ilivyo. Unalala salama? Akainuka, akaingia ndani, akatoka na panga, akaliweka chini mbele ya vigoda. Kuna mgogoro wa ardhi? Akautaja. Akamtaja shemeji, akaitaja plau, akaitaja siku ya ulevi na maneno yaliyosemwa. Alikuwa ananyoosha mgongo kila jibu linapotoka, na mimi nilikuwa namwona anarudi kuwa yule msichana aliyekuwa anavuta kamba ya kisima akining'inia nayo.

Ng'ambo ya miiba shemeji alikuwa amesimama na ndama. Kamba mkononi. Ndama anavuta, yeye hasogei.

Binti alimaliza swali la mwisho, na ua ukawa kimya kiasi kwamba nilisikia michembe inakauka. Mwenyekiti wa kitongoji alikuwa na tonge, limeshafika nusu ya njia ya mdomo. Akalirudisha kwenye sahani. Watu wote walikuwa wanamwangalia yeye.

"Mayu," akamwambia dada, "mbona tulipokutana njiani ulisema salama?"

"Ulikuwa na njaa, mwenyekiti. Nilikuonea huruma."

Watu wakaangua kicheko, na ndani ya kile kicheko kulikuwa na kitu kama mlango kufunguka. Maana baada ya hapo wengine nao walianza. Kila nyumba iliyorudiwa na vijana, baada ya kula, ilifungua ya kwake: mzee wa mkono akasema hajalala tangu aanguke, mama wa mbuzi akasema anawajua walioiba na anaogopa kuwataja. Vidole vya vijana vilichoka.

Niliyajua matokeo baadaye, pale mtendaji wa kata aliponipigia simu akifoka. "Mzee, umetuangusha! Siku ya kwanza tulikuwa juu kuliko kata zote, sasa tuko chini kabisa!" Nikamwambia siku ile ya kwanza alikuwa juu kwa sababu watu walikuwa wanamstahi mgeni, siyo yeye. Nikamwambia pia, kama kuna mtu mwingine Simiyu nzima aliyeishusha kata yake kwa ugali mmoja, anionyeshe, nimpe mkono. Akakata simu. Siku hizi nasikia wanazungumzia nesi wa pili pale zahanati. Sitaki sifa. Lakini mkiwa mnataja, mtaje na unga ulitoka wapi.

Nirudi kwa dada. Mwenyekiti wa kitongoji hakusubiri. Jumamosi ya wiki ile ile, pamba ikiwa imebaki mistari ya mwisho, aliwaita wazee wa kijiji na shemeji kwenye mpaka wenyewe. Nilikwenda, nimevaa viatu vizuri, nikavijutia. Ilikuwa asubuhi yenye ukungu wa vumbi, jua halijaamua kutoka, na watu walikuwa wanatokea mmoja mmoja kutoka kwenye weupe wa shamba kama wanatokea kwenye maji.

Shemeji hakuwa amelewa. Nilimtazama vizuri, nikitafuta mtu wa kumchukia, nikaona mwanamume aliyechoka mwenye kofia iliyotoboka.

"Wanangu wamekua," akasema. "Watalima wapi? Yeye yuko peke yake, kaka yake ana mashine mjini."

"Mashine yangu haina mpaka na wewe," nikasema. Mzee mmoja akaniinulia mkono ninyamaze. Nikanyamaza. Si kawaida yangu.

Yule mzee hakutaka maneno mengi. Akatembea taratibu juu ya ardhi iliyolimwa, anaangalia chini, kisha akachokoa udongo kwa fimbo. Palikuwa na kichipukizi cha mnyaa, kibichi, kidogo kama kidole cha mtoto. Akasogea, akachokoa tena. Kingine. Plau ilikata ua lakini mizizi ilibaki chini, na sasa ilikuwa inarudi yenyewe, imepanga mstari. Sote tuliutazama ule mstari ukienda mpaka kwenye mwamba ulioko mwisho wa shamba. Shemeji akavua kofia, akaikunja.

"Ndipo ulipokuwa," akasema.

Dada akamwambia kile kipande cha chini kinachotuama maji anaweza kulima dengu mwaka huu, watoto wapate kula, kisha watazungumza tena. Lakini ua unarudi, na njia inafunguliwa. Shemeji akaitikia kwa kichwa. Kisha akatazama chini, akasema kuhusu yale maneno ya usiku, ni pombe. Dada akasema, "Najua. Lakini panga nililinoa." Hapo shemeji akatabasamu kidogo, kwa aibu, na wazee wakacheka kwa kujizuia.

Ikabaki njia. Upana wake. Shemeji alitaka iwe nyembamba, mtu mmoja tu apite, ng'ombe wasiingie kwenye mazao yake. Mimi nikasema iwe ya kupita gari, nitaleta kifusi, nitaichonga mwenyewe. Wazee wakaanza kubishana hatua, wengine wanapima kwa fimbo, wengine kwa mpini wa jembe, na mwenyekiti akatoa kamba mfukoni ambayo ilikuwa fupi.

Dada aliwaacha wakibishana. Akaingia nyumbani, akatoka na ndoo yake kichwani, tupu. Akaita kwa sauti ng'ambo ya miiba, akamwita mke wa shemeji, ambaye alikuwa amesimama mlangoni kwake muda wote, kanga imefunika mdomo. Wanawake wale walikuwa hawajasemeshana tangu plau.

"Njoo na ndoo yako."

Akaja. Hakujua anaitiwa nini. Vijana wa shemeji walivuta miiba pembeni ili apite, ikaacha michirizi kwenye udongo. Dada akamsimamisha kando yake, bega kwa bega, akamrekebishia ndoo kichwani kama unavyomrekebishia mtoto wa kwako.

"Tutembee," akasema. "Kama zamani tukienda kisimani. Ninyi wekeni vijiti tunapopita."

Wakatembea. Kwanza walikuwa wamekakamaa, kila mmoja anatazama mbele. Halafu mke wa shemeji akasema kitu, sikukisikia, na dada akasukuma kiwiko chake nje kidogo, akachukua nafasi zaidi, naye yule mwingine akafanya vile vile upande wake, na njia ikawa inapanuka wanavyokwenda. Shemeji alikuwa upande mmoja anachoma vijiti ardhini. Mimi nilikuwa upande wa pili, nimeinama na viatu vyangu vizuri, nachoma vijiti, nakimbia kidogo ili nisiachwe. Jua lilikuwa limeshaamua. Mbele yetu zile ndoo mbili zilikuwa zinakwenda juu ya weupe wa pamba, hazigusani, hazipishani sana, zinateremka kuelekea kisimani, na sauti zao zikawa zinatufikia kwa kuchelewa.